Thackray Mwembamba na Thackray Mnene

Majira yote ya baridi, klabu yetu ya filamu za zamani ilimtazama mpelelezi mmoja, Thackray, aliyeigizwa na watu wawili. Wa kwanza, wa filamu zisizo na sauti, ni mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Hata akimkamata muuaji hatabasamu. Wa pili ni mnene, anamaliza keki za mashahidi ndipo awahoji. Jumapili ya mwisho tunanyoosha mikono kuamua yupi Thackray wa kweli.

Wilf Ogden, fundi bomba mstaafu na mgane, hakuja kwa ajili ya Thackray. Alimfuata Doreen, mjane aliyekaa safu ya mbele, ambaye kiti cha kando yake kilikaliwa na koti. Kila wiki Wilf aliuliza kama kiti kina mtu, na kila wiki Doreen alijibu kwa upole kwamba koti linakauka. Kwa mvua za kwetu Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, nani angebisha?

Mimi huwapikia chai pale ukumbini. Waume wawili wameniacha, kwa hiyo nilimshauri Wilf bure: amwambie Doreen anachopenda, basi. Lakini watu wa kwetu ukiwapa sahani ya biskuti huchukua iliyovunjika, wasije wakamnyima mwingine nzima.

Doreen alimpenda mwembamba, ukumbi mzima ulijua. Wilf alimpenda mnene: kila akimtazama, kicheko cha Wilf kilisikika hadi jikoni kwangu.

Jumapili ya mwisho ikafika, tukaambiwa tunyooshe mikono. Kwa mwembamba, Wilf akanyoosha. Kwa mnene, Doreen akanyoosha. Wakatazamana kama wezi waliokutana dirisha moja.

“Hongereni,” nikawaambia. “Mmeshindwa wote wawili.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Doreen hakucheka. Alimgeukia Wilf, akamwambia majira yote amemtetea yule mwembamba, na hakumtetea ili mtu amuunge mkono kwa adabu.

“Sema kweli, Wilf. Unamwonaje?”

Wilf akatazama viatu vyake. Nikadhani atachukua biskuti iliyovunjika tena.

“Ananitia baridi,” akasema. “Na nyumbani kwangu baridi ipo tele, Doreen. Nakuja hapa nicheke.”



“Huna macho kabisa, mzee wewe,” akasema Doreen. “Yule mwembamba anachekesha kuliko wote. Kaa hapa nikuonyeshe.”

Akalichukua koti, kavu kabisa, akalipakata.