Kama Si Mursik

Kipchirchir aliacha shule darasa la sita, lakini swali la bintiye alilielewa vizuri. Jibu ndilo alilolikataa.

"Rudia," alisema, akiendelea kukamua.

Jerop akarudia. Kitabu chake kilikuwa cha mitumba, amekinunua Nakuru mjini, maana kampuni moja ya umeme wa mvuke kule Naivasha ilikuwa imemwita kwenye mtihani kabla ya kumwajiri. Nusu ya mtihani ilikuwa hoja tupu: unapewa maneno ya mtu, unaulizwa yanavuja wapi.

"Tangu kituo cha polisi kijengwe sokoni, ripoti za wizi zimezidi. Kwa hiyo polisi ndio wameleta wizi. Kasoro iko wapi?"

"Hakuna kasoro. Huyo amesema ukweli mtupu."

Jerop alicheka hadi ng'ombe akageuza shingo. "Baba! Labda wizi ni ule ule, ila sasa watu wana mahali pa kushtaki. Ukitaka kuangusha hoja, unatafuta sababu nyingine. Si lazima uithibitishe. Ikiwezekana tu, inatosha."

"Ikiwezekana tu, inatosha," Kipchirchir alirudia. Aliipenda kauli hiyo. Aliiona kama panga jepesi.

Siku chache baadaye alifariki Kiprugut, ndugu yake mdogo. Alikuwa ameshinda shambani akinyunyizia viazi dawa ya wadudu. Jioni akanywa mursik, maziwa lala ya kibuyu, jikoni kwa mkewe Chepkurui, akalala. Alfajiri alikuwa anatokwa na povu. Hawakufika naye zahanati ya Olenguruone. Walimzika haraka, bila kupimwa, kwa sababu hakuna aliyetaka apasuliwe.

Kesho yake ukoo ulikaa uani kwa marehemu, kwenye viti vya kanisa ambavyo havijarudishwa. Binamu yao Kipkoech akasimama. Shamba la Kipkoech lilikuwa jembamba kama mkanda, limebanwa katikati ya lile la marehemu na lile la jirani yao Mkikuyu, Karanja.

"Alipomwoa huyu mwanamke, ng'ombe wake bora alikufa," alisema. "Mtoto wa kwanza akafa. Sasa yeye mwenyewe amekunywa maziwa ya mkono wake usiku, asubuhi ni maiti. Mnataka malaika ashuke awaambie? Arudi kwao Bomet. Watoto wabaki. Shamba nitaliangalia mimi."

Chepkurui alikuwa ameketi chini, leso kichwani. Hakuinua uso. Wanaume waliitikia kwa koo. Kisha wakamtazama Kipchirchir, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa na neno lake lingekata.

Kipchirchir alijua hoja inavuja. Alijua hata mahali. Lakini ulimi wake ulikuwa mzito mbele za watu.

"Msichana wangu aongee," alisema.

"Tangu lini wasichana wanaongea hapa?" mzee mmoja akauliza.

"Tangu leo."

Jerop akasimama. "Baba mdogo Kipkoech, mursik ile ile nami nilikunywa jioni hiyo. Baba alikunywa. Watoto walilamba hadi kibuyu. Mbona tuko hai?"

Kina mama wakaguna. Chepkurui akainua uso kwa mara ya kwanza. Hapo Jerop angekaa. Lakini Kipkoech alikuwa anatabasamu.

"Haya, profesa. Kama si mursik, ni nini? Ndugu yetu ameuawa na upepo?"

"Inawezekana ni dawa ya viazi. Pampu ilikuwa inavuja. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima, nililifua mimi."

Kitabu kilikuwa kimemfundisha kutafuta sababu nyingine. Hakikumfundisha kunyamaza akiipata.

Pampu ile ilikuwa moja kwa mashamba yote ya pale. Ndivyo walivyozoea miaka yote: mwenye pampu anapima dawa kwa kifuniko cha soda na kuchanganya, mwenye shamba anabeba mgongoni. Mwenye pampu alikuwa Karanja. Kila mtu uani alilijua hilo, na Kipchirchir aliliona likipita katika nyuso za wanaume kama upepo kwenye ngano.

"Nani alichanganya dawa?" Kipkoech aliuliza polepole.

"Sijasema Karanja!" Jerop alipaza sauti. "Nimesema inawezekana. Ilivuja tu. Ingevuja kwa mtu yeyote!"

"Umesema dawa. Sisi tunajua mkono."

"Kaa chini, Kipkoech," Kipchirchir alisema. "Karanja alichimba kaburi na sisi."

"Aliyeua ndiye hushika jembe kwanza."

Hata hiyo ilikuwa na kasoro, lakini vijana walikuwa wameshainuka na viti vya kanisa vilikuwa vinaanguka. Habari ya Chepkurui haikutajwa tena.

Jua lilikuwa bado juu moshi ulipopanda kwa Karanja. Kipchirchir alikimbia hadi barabarani, akamkuta Karanja juu ya pikapu, sikio linatoka damu, mkewe Mugure kando yake na magodoro. Pampu nayo ilikuwa imetupwa juu ya mizigo.

"Baba Jerop," Karanja alisema, "nimeambiwa maneno yametoka kwako."

"Si kwangu."

"Kwa nani basi?"

Kipchirchir akaitazama pampu.

"Nilimwambia ndugu yako inavuja. Nilimwambia avae karatasi ya nailoni mgongoni, akacheka."

"Wacha kumweleza huyu," Mugure akasema. "Dereva, twende."

Walikwenda Kaptembwo, mtaa wa Nakuru mjini, kwa dada yake Mugure. Hawakurudi.

Chepkurui alileta kibuyu cha mursik kushukuru. Kilikaa mezani. Hakuna aliyekigusa.

Asubuhi kabla ya mtihani, Jerop alimfuata baba yake zizini bila kitabu. Upande wa pili wa ua, Kipkoech alikuwa anachimba viazi vya Karanja, gunia moja limeshajaa.

"Baba, kuna kasoro sikuiona."

"Ipi?"

"Nilidhani Kipkoech anatafuta aliyeua."

Kipchirchir aliendelea kukamua. Kipkoech akanyoosha mgongo, akawaona, akapunga mkono kama jirani yeyote. Mkono wa Kipchirchir, ukiwa bado na maziwa, ukainuka ukamjibu.