Arafa Agombea Kitongoji

Siku maofisa wa hifadhi ya bahari walipokuja Kiegeani kuzungumzia mahali pa kupandia mwani, wanawake walikuwa majini wakifunga mbegu kwenye kamba. Waliporudi, nguo zimewarowa, mkutano ulikuwa umekwisha. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Abeid, alishajibu kila swali kwa niaba yao.

"Tumekubaliana msogee upande wa mikoko," akawaambia.

"Kule ni tope tupu, mzee. Mwani utaoza," alisema Arafa, mmoja wa wanawake hao. "Mbona hatukuulizwa?"

"Mngekuja mkutanoni."

"Mkutano mmeuweka maji yametoka, saa zetu za kazi!"

Njiani shoga yake, Warda, akamshika mkono. "Uchaguzi wa kitongoji umekaribia. Gombea wewe."

Arafa alicheka hata akatua kapu chini. Kicheko kikaisha, lile neno likabaki.

Kesho yake akaenda kwa mtendaji wa kijiji, Devotha, mama wa kutoka bara aliyezoea kisiwa kiasi cha kugombania pweza sokoni.

"Umetimiza miaka ishirini na moja?" Devotha akauliza.

"Nina mtoto wa umri huo."

"Kusoma na kuandika Kiswahili?"

"Nusu ya barua za posa za hapa nimeziandika mimi."

"Basi kilichobaki ni chama. Husimami peke yako, lazima chama kikudhamini. Anzia tawini kwenu."

Tawini walikuwa wamekosa mtu wa kushindana na Mzee Abeid. Walimpokea kwa mikono miwili.

Nyumbani, mumewe Jumanne alikuna kichwa. "Sasa siku za kampeni nani atapika?"

"Wewe," alijibu mama yake Jumanne, Bimkubwa, bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka. "Baba yako alipika arobaini yangu yote nilipokuzaa, na hakufa."

Mkutano wa kwanza wa kampeni ulifanyika uwanja wa mpira. Arafa, mwenye maneno yasiyokauka, alipanda juu ya benchi, akatazama zile nyuso, na sauti ikamkauka kabisa. Watu wakaanza kukohoa. Hapo Bimkubwa akasimama.

"Jamani, mtazameni vizuri mkwe wangu! Tangu aolewe, leo ndiyo mara ya kwanza kunyamaza. Mchagueni upesi kabla hajaanza tena!"

Uwanja ulilipuka. Arafa naye akacheka mpaka machozi, na kicheko kikamfungua koo.

"Siahidi lami wala umeme," alisema. "Vile si vyangu kuvitoa. Naahidi hili: jambo la wavuvi halitaamuliwa wavuvi wako baharini, wala la mwani wenye mwani wako majini. Haya, niulizeni."

Wakamwuliza hadi jua likachwea.

Baada ya hapo alipita mlango kwa mlango, mpaka kwa Mzee Abeid mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba kura."

Mzee akatua kikombe, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Marahaba, mwanangu. Yangu huipati. Ya mke wangu, mwulize mwenyewe."

Mkewe alikuwa akitazama makuti ya paa kama aliyeona kitu kule.

Siku ya kura Arafa hakula. Matokeo yaliposomwa alishinda kwa kura chache, na vigelegele vikazima jina lake kabla halijamalizika kutajwa. Mzee Abeid alikuja kumpa mkono. "Watakusumbua," alimwambia, kama anayempa mtu zawadi.

Maofisa wa hifadhi waliitwa upya, mkutano ukawekwa maji yakiwa yamejaa. Wanawake walikaa mbele. Walibishana, wakachora mchangani, na mwisho mwani ukabaki penye mchanga safi.

Alfajiri iliyofuata mlango wa Arafa uligongwa. Bimkubwa, anayelala chumba cha pili, alikuwa amezunguka nje makusudi, kanga mpya mabegani.

"Hodi, Mwenyekiti. Nina malalamiko. Mbuzi wa jirani kanilia mihogo."

"Mama, si ungeniambia humu ndani?"

"Humu ndani wewe mkwe wangu. Nipe kiti."

Arafa akaenda kuleta kiti.