Chumvi ya Wimbo

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, fundi huenda nyuma ya jiko, akafunua pipa la bluu na kutazama machozi yamefika wapi. Wakizikwa watu wengi, hufika shingoni. Huyateka kwa kopo, akayachuja kwa kitambaa cheupe kwa sababu mengine huja na wanja, kisha huyachemsha mpaka sufuria ikauke. Chumvi inayobaki huikwangua kwa kijiko cha mti na kuifunga kwenye vifuko. Mwenye duka la pembeni huvichukua vyote.

"Chumvi yako, fundi, haina mchanga hata chembe," husema. "Sijui unaitoa wapi, na wala siulizi."

Ndiyo mirabaha ya wimbo wake. Aliutunga mwaka aliofiwa na binti yake wa pekee, akiwa ameinamia gurudumu, na mwimbaji mmoja aliyekuja kuziba pancha akausikia, akauomba. Sasa hupigwa kwenye kila msiba, na watu wameacha kubeba leso, maana machozi ya wimbo huo hayafiki kidevuni. Ofisi ya hakimiliki iligawa hivi: makofi kwa mwimbaji, machozi kwa mtunzi. Picha ya mwimbaji imebandikwa hadi kwenye mabasi. Fundi, hata jirani wa ukuta mmoja hajui kwamba wimbo ni wake. Lakini chumvi imewaezekea bati, imewanunulia na kitanda.

Mkewe haionji. Mboga yake huipakua kwanza, kabla haijatiwa.

"Mwanangu simli," husema, kama mtu anayesema hapendi vitunguu.

Ila kilichomkaa rohoni si chumvi. Kwenye kiitikio fundi alikuwa ameweka jina la mtoto, mwimbaji akalitoa, akaweka "mpenzi." Mama alitaka jina lirudi. Basi siku moja wakavaa nguo za kutokea, wakaenda ofisini.

Karani alikuwa mpole. Aliwapa viti, akavua miwani.

"Mama, nakuelewa. Lakini jina likirudi, watu itabidi wamlilie mtoto wenu. Sasa hivi kila mtu anamlilia wa kwake."

"Na wangu nani anamlilia?"

"Pipa litakauka, Mama. Mzee, wewe unasemaje?"

Fundi akatazama kucha zake, grisi imegoma kutoka. Akaufikiria mgongo wake, ambao siku hizi ukiinama huchelewa kunyooka.

"Tuuache ulivyo," akasema.

Njiani mkewe alitangulia hatua kadhaa mbele. Walipofika barabarani tu akamshika mkono wavuke, kwa kuwa jicho la kushoto la fundi halioni vizuri.

Mwezi huo akafariki mama wa yule mwenye duka, wakaenda wote wawili. Jeneza lilipotolewa, spika ikaanza, watu wakaitikia. Walipofika kwenye "mpenzi," mke wa fundi akaimba jina la mwanawe, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula. Kiitikio kikarudi, akaliimba tena.

Mwanamke aliyekaa mbele yake akageuka, macho mekundu, akamgusa goti.

"Mama, samahani. Maneno yake siyo hayo. Unatuharibia."

"Ahaa. Nisamehe, mwanangu. Nimesahau."

Mara ya tatu akaimba "mpenzi" pamoja na wenzake. Hapo kilio kikamjia, kile alichokibana tangu ofisini. Akapeleka kiganja shavuni ajifute, akakuta shavu kavu. Yake nayo yalikuwa yameshakwenda na ya wengine.