Kufuli ya Watoto

Mume wangu Uweso ni mtu wa kusoma maelekezo. Akinunua dawa ya mbu ataisoma ile karatasi ya ndani mpaka chini kabisa, kule kwenye anwani ya kiwanda. Kwa hiyo mashine yetu ya kufulia ilipoanza kusimama katikati ya kazi, hakuipiga teke kama ambavyo ningefanya mimi. Alivuta kiti pale uani, akavaa miwani, akafungua kijitabu chake, akasema, "Hasina, kila ubovu una sababu yake." Ningekuwa na akili siku ile, kijitabu kile ningekitia jikoni kwenye moto.

Mashine yenyewe ilinunuliwa kwa ajili ya mama yake. Bi Mwanasiti, mavyaa wangu, alikuwa akiishi peke yake Kigombe tangu mumewe afariki, na habari ya kuhamia mjini hakutaka hata kuisikia. Kisha akateleza kisimani, ndoo mkononi, akaumia nyonga. Uweso alimbembeleza wee, mpaka mwisho akakubali kuja kwetu Makorora. Lakini alitoa sharti, na alilitoa siku ile ile aliyofika, begi lake likiwa bado mlangoni.

"N'takaa," alisema. "Lakini siku n'takayojiona mgeni humu ndani, nisizuiwe. Narudi kwangu."

"Mgeni vipi, mama, na hapa ni kwako?"

"Mie nimesema, baba. Msije mkanambia sikusema."

Uweso aliyachukua maneno yale kama maneno ya wazee tu. Mimi niliyaogopa, kwa sababu nilimtaka akae. Binti yetu Wafa alikuwa mchanga, nami nilikuwa nimechoka choka ile ya kulia bila sababu. Alipokuja yule mama, nyumba ikapata mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Sasa, mavyaa wangu hakujua kukaa bure. Kabla hatujaamka alishakaa kwenye kibao uani, nyonga mbovu hivyo hivyo, anafua nepi za Wafa na mashati ya Uweso. Uweso akaona haya. Alisema majirani watadhani kamtoa mamake Kigombe aje kuwa dobi. Ndipo akaja na mashine, ya kufungulia juu, yenye kifuniko cha kioo. Bi Mwanasiti aliipapasa, akasema mashaallah, akamwombea mwanawe dua ndefu iliyonifanya niitikie amina mpaka mdomo ukakauka.

Wiki haikwisha vizuri, ikaanza kusimama.

Asubuhi nilikuwa natia nguo na sabuni, nawasha, natoka kwenda kwenye duka la dawa ninakofanya kazi. Uweso alikuwa ameshakwenda bandarini. Mama alibaki na mtoto. Nikirudi naikuta mashine kimya, taa zote zimezimika, na nguo humo ndani zimelowa chapachapa.

"Imesimama tena, mama?"

"Imesimama, mwaya. Yachoka nayo, labda."

Uweso akaanza kazi. Alipima umeme, akabadilisha soketi. Alichungulia bomba kama maji yanaingia kwa nguvu inayotakiwa. Akafungua kichujio, akatoa pini, kifungo, na nywele ambazo alizitazama kisha akanitazama mimi. Akanyoosha mpira wa kutolea maji machafu. Akaweka bakuli la maji juu ya mashine aone kama imekaa sawa, akakata kipande cha mbao akakiingiza chini ya mguu mmoja. Akaniamuru nipunguze nguo. Jumapili akaiwasha mwenyewe, akakaa mbele yake, na ile mashine ikafua, ikasuuza, ikakamua, ikamaliza na kuimba kile kiwimbo chake. Jumatatu, Uweso yuko kazini, ikasimama.

"Inakuogopa," nilimtania. "Ukiwepo inajikaza."

Hakucheka. Alikuwa akilala anaiwaza.

Akaletwa fundi, kijana mmoja anaitwa Asheri. Akafungua mgongo wa mashine, akagonga, akapima waya, akaangalia swichi ya kifuniko. Bi Mwanasiti alimtengea chai na vitumbua, akamkalia karibu, akamuuliza habari za kwao Muheza na kama machungwa mwaka huu yamekubali. Asheri alifunga kila kitu akasema, "Kaka, hii mashine nzima kuliko mimi." Nakumbuka mama alikuwa anatazama kikombe chake.

Siku iliyofuata Uweso aliwahi kurudi, akaikuta imesimama. Akachota maji ya ndani kwa kiganja. Akalikamua shuka moja, akaendelea kulikamua.

"Hasina, njoo. Unaona povu hapa?"

Hakukuwa na povu. Maji yalikuwa meupe kama ya kunywa.

"Nimeiwasha, kitaa kinaonyesha ilisimama kabla haijasuuza," alisema, sauti imepungua. "Na nguo zimesuuzwa. Kasuuza nani?"

Kutoka chumbani tulimsikia mama akimwimbia Wafa.

Asubuhi yake akaacha simu yake ya zamani kwenye dirisha la jikoni, nyuma ya chupa ya achari, inachukua picha za uani. Sikupenda, nikamwambia. Akasema anapeleleza mashine, si mtu. Baada ya magharibi tukajifungia chumbani kwetu, tukaangalia.

Mashine ilikuwa inazunguka peke yake, muda mrefu. Kisha akatokea Bi Mwanasiti na beseni lake la bluu na kopo. Akabonyeza kitufe cha kuzimia, akafunua kifuniko, akakunja mikono ya gauni. Alitoa nguo moja moja akaziweka kwenye beseni, akayachota maji ya povu yaliyobaki akayamwaga, akafungua bomba, akawa anamimina maji juu ya kila nguo kwa kopo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara anayaacha yaende zake kwenye mfereji. Kwa kila nguo alimtaja mwenye nguo.

"Hii ya Wafa. Mola mkuze na dini." Akamimina. "Hii ya Hasina. Mola mpunguzie huku kuchoka, na amtilie nuru usoni." Akamimina. "Hii ya Uweso wangu. Mola mrudishe salama kila atokapo."

Nyonga ilikuwa inamuuma, unaona anavyojishika ukutani akiinuka. Akazirudisha nguo zote kwenye mashine, zikichuruzika, akafunika, akakipiga kifuniko kofi dogo la upole. "Haya, pumzika nawe," aliiambia.

Uweso alicheka mpaka machozi. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake hana kitu. "Nzima! Mashine nzima, Hasina!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia jina langu. Sikujua kwamba kuna mtu ananiombea uani wakati mimi nauza vidonge vya kichwa.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa yeyote aliyelelewa pwani. Nepi zenye mkojo wa mtoto, shuka, na kanzu ya Uweso ya kuswalia, vyote vinazungushwa katika maji yale yale. Kwa mama, mashine ilitoa uchafu lakini haikutwaharisha. Nguo ni mpaka maji safi yaipitie mara tatu na yaondoke, ndipo mtu aivae asimame mbele ya Mungu wake. Na kumwambia mwanawe kwamba zawadi yake haitoshi, hilo hakuliweza.

"Mwache," nilisema. "Iwe inasimama. Nikirudi jioni nitaiwasha ikamue, basi."

"Na nyonga yake? Hukuona anavyoinuka? Akidondoka hapo na mtoto yuko ndani peke yake?"

Hapo alikuwa na haki, siwezi kumnyima.

"Basi kaa naye, umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nilimpiga picha kwa kuibia, mama yangu mzazi?" Akaona aibu kweli, nilimwona. Na Uweso akiona aibu hurudi kwenye kijitabu.

Kesho yake usiku tulipokuwa tunakula, alisema kwa uchangamfu usio wake, "Mama, nimeirekebisha ile mashine. Sasa inasuuza maji matatu, yenyewe. Twahara kabisa. Usihangaike tena."

Mkono wa mama ulisimama na tonge la wali njiani. "Maji matatu?"

"Matatu."

"Alhamdulillahi," alisema, akala lile tonge, akanawa. Chakula kilikuwa bado kingi.

Huenda hapo bado tungepona. Lakini asubuhi, mimi natafuta kiatu na muda umekwenda, akaniita uani. Nilikuwa nimeshawasha mashine.

"Hasina, mwaya, hebu nambie. Kitaa hiki chenye uso wa mtoto ni cha nini? Jana hakikuwaka."

Nilikitazama. Uweso hakuwa ameniambia kama amekiwasha. "Aa, hiyo kufuli ya watoto, mama. Mashine ikishaanza, vitufe havisikii, na kifuniko hakifunguki mpaka imalize. Ni ili watoto wasiichezee."

Maneno yalishatoka. Mama aligeuza macho akamtazama Wafa, amelala chali kwenye mkeka, mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajaweza.

"Watoto," alisema.

"Mama, sikuwa na maana..."

"Haya, mwanangu. Nenda, wachelewa."

Nikaenda. Mpaka leo najiuliza ni mgonjwa gani wa Tanga nzima angekufa kama ningeuweka chini mkoba wangu asubuhi ile, nikakaa naye kwenye kibao. Niliporudi, nguo zilikuwa zimekauka na kukunjwa vizuri. Mashine ilikuwa imemaliza kazi yake yote, bila kusimama hata mara moja. Uweso alifurahi, akaniambia, "Umeona?"

Siku chache baadaye mama akasema minazi yake yaibiwa, anataka kwenda kuitazama. Uweso akasema tutamtuma mtu. Mama akasema nyumba ikikaa bila mtu huingia mchwa. Uweso akasema tutapiga dawa. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, maskini, na kila jibu lilizidi kumfungia mamake begi. Mwisho Bi Mwanasiti akamshika mkono.

"Baba, nilisema nini siku ya kwanza?"

Uweso aliutazama ule mkono.

"Sina hasira nawe. Umenitunza, Mungu akulipe. Lakini usinizuie."

Nilimsindikiza mimi mpaka kwenye gari la Kigombe, Wafa mgongoni. Nilimwambia ile kufuli ilikuwa kwa ajili ya nyonga yake, wallahi. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Najua, mwaya. Ningeambiwa tu, ningeacha. Siye mie niliyemfundisha kusema?"

Jioni ile ile Uweso aliiondoa kufuli. Sikujua alitaka nani aione. Kile kitaa cha uso wa mtoto kikazimika, na mashine ikaendelea kufanya kazi vizuri. Hiyo ndiyo adhabu yetu. Inafua, inasuuza maji yake matatu, inakamua, inaimba. Nikirudi kazini naikuta imemaliza. Beseni la bluu liliachwa limeegemezwa ukutani karibu na bomba, na hakuna aliyeliondoa. Tulikwenda Kigombe kumwona, akatupikia, akacheka na Wafa, hakuna neno baya lililopita. Kila Uweso alipogusia kurudi, mama alimwongezea mchuzi.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia mashine inazunguka, kisha kimya, kabla ya wakati wake. Nikatoka mbio, sijui nilitegemea kumwona nani. Alikuwa Uweso. Amesimama, kifuniko kiko wazi mkononi mwake, nguo zinaelea kwenye povu. Amekibonyeza mwenyewe kile kitufe. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshapiga simu, ameifungulia sauti.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Hamjambo? Wafa hajambo?"

"Hajambo. Mama..." Mume wangu, ambaye hajawahi kumdanganya mtu hata bei ya samaki, aliyatazama yale maji ya povu. "Mama, mashine imeharibika tena. Imesimama, imekataa kabisa. Nguo zote zimo humu na povu lake. Sijui nifanyeje."

Upande wa pili kuku walikuwa wanalia, na maji yanamiminwa kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Kisha yakaacha kumiminwa. Nilikuwa naomba, kwa maneno yangu mabovu yasiyojua kuomba kama yake, aseme anakuja.

"Mwite fundi, baba," alisema taratibu. "Mie hapa nimeloweka nguo zangu."

Akamwombea wepesi, akaaga, akakata simu. Uweso alibaki palepale, mkono juu ya kifuniko kilicho wazi. Nami nikaenda kulichukua beseni.