Ndugu wa Biskuti

Mektrida alikuwa anachanganya ulezi kwenye pombe ya mbege, nyumbani kwake Kilema, fundi cherehani mmoja wa Majengo akaingia bila hodi. Akasema, "Shikamoo mama." Akatundika koti kwenye msumari wa nyuma ya mlango, akavuta kigoda, akauliza kipande chake cha kihamba, lile shamba la ukoo, ni kipi.

Mektrida hajawahi kumwona. Akamwambia ale kwanza.

Hakuwa wa kwanza. Kuna kiwanda cha biskuti mjini Moshi kilimtuma mtaalamu wao, Ronald, akapangusa kwa pamba chungu cha mbege alichoacha marehemu mama mkwe. Alitaka vijidudu vinavyochachusha. Alishukuru, akaacha mche wa sabuni. Kiwandani vijidudu vikatiwa kwenye matangi, vikalishwa sukari, vikatoa ladha ya ndizi mbivu, ikaingia kwenye biskuti. Pakiti imeandikwa ladha asilia, na ni kweli. Aliyekula aliamka ni mtoto wa ukoo wenye kile chungu.

Wote walijua mpaka wa kihamba unapopita, masale kwa masale yaliyopandwa kuuonyesha. Mbwa hakuwabwekea.

Jovin, mziwanda wa Mektrida, kwa mila ndo alikuwa wa kurithi nyumba na migomba inayoizunguka. Akaanza kunoa panga kila jioni.

Mektrida akashuka kiwandani kuomba waache. Ronald akampa kiti.

"Mambo ya kihamba ni ya familia, mama. Sisi tunahusika na ladha tu."

Jumapili baada ya misa ukoo ukakaa. Baba mkubwa Wenseslaus akawapanga wote kwa umri, wa kihambani na wa biskuti, mstari ukatoka mpaka barabarani. Jovin akakaa mwisho, panga mapajani.

"Wa mwisho ni mimi," akasema. "Atakayekaa nyuma yangu nitamkata."

Hapo akaingia Priska, muuza mitumba wa mjini, mgongoni ana mtoto wa kiume anamung'unya biskuti. Akamfungua, akamkalisha nyuma ya Jovin.

Wenseslaus akakagua fizi za mtoto. Hana jino.

"Jovin, huyu ni mdogo wako."

Jovin akasimama na panga lake. Mektrida akashika kanga yake kwa mikono miwili. Mtoto akainua uso, akamwita Jovin jina lile la utotoni ambalo marehemu bibi, mwenye kile chungu, peke yake ndo alikuwa akilitumia, na akalitamka kwa sauti ya bibi.

Jovin akaenda mgombani, akakata mkungu wa ndizi za mtori, maana wageni walikuwa wengi. Walipomaliza kula akampa Priska ufunguo amtunzie mwenye nyumba.

Sasa hivi Jovin amepanga chumba mjini, na anapakia biskuti kwenye lori pale pale kiwandani. Zinaenda Tanga, Singida, mpaka Mwanza. Wenzake wanarusha katoni. Yeye anazilaza taratibu, maana mle ndani ni wadogo zake.