Mganga wa Sengerema Alipokataa

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imejaa, na Nkwabi alisafiri njia nzima amemlaza binti yake Kashindye mapajani. Daktari wa huko alikuwa amemweleza kwa upole kwamba uvimbe ulikuwa ndani kabisa ya ubongo, mahali ambapo kisu hakifiki. Mionzi ingemchosha mtoto bila kumponya. Akawapa vidonge vya kutuliza maumivu, akawashauri warudi nyumbani Mwanza.

Nkwabi hakukubali. Tangu apunguzwe kazi kiwanda cha nguo kilipouzwa, alikuwa akiuza mitumba Mabatini, na pale sokoni kila mtu alikuwa na lake la kumwambia. Wengine walimtajia maombi, wengine mizizi. Mwishowe akasikia habari za mganga wa Sengerema, mama mmoja aitwaye Ng'washi, aliyesemekana kutoa uvimbe bila kupasua. Mkewe, Sabina, hakutaka. Alisema mtoto amechoka kubebwa huku na huko. Nkwabi akajibu kwamba hawezi kukaa tu akimtazama mwanawe anakwisha.

Akamchukua mtoto, wakavuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, wakapata pikapu iliyokuwa inaelekea Sengerema. Kashindye aliuliza kama huko nako watamchoma sindano. Baba yake akamwambia hapana.

Ng'washi, mama mtu mzima, walimkuta uani akimenya karanga. Nkwabi akamwamkia, akamweleza shida yake. Mganga akamkalisha mtoto kwenye mkeka, akampapasa kichwa polepole, akamwuliza anapenda kula nini. Viazi vitamu, mtoto akasema, ila anavitapika. Kisha Ng'washi akamwita Nkwabi pembeni.

"Huyu simuwezi, baba," alisema. "Nikikupa dawa nitakuwa nakudanganya."

"Watu wanasema umewaponya wengi."

"Hao walikuwa na majipu."

"Basi nidanganye," Nkwabi alisema. "Nipe hata majani tu, nisirudi mikono mitupu."

Ng'washi akatikisa kichwa. Hata jogoo waliyemletea hakumpokea. Alimpikia mtoto uji mwepesi wa mtama, akamnywesha mwenyewe kidogo kidogo, na uji ule ulikaa tumboni.

Kwenye kivuko, Kashindye aliuliza sasa wanakwenda wapi tena.

"Nyumbani, mama," Nkwabi alimjibu, akageuza uso upande wa ziwa.

Baada ya hapo hakutafuta tena. Biashara alimwachia mdogo wake, akawa anashinda na binti yake kibarazani, akimpepea na kumsimulia habari za ng'ombe wa babu yake.

Kashindye alifariki mvua za vuli zilipoanza, mchana, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama yake. Nkwabi alikuwa amekwenda kuteka maji ya kumwogesha. Sabina alipomwambia, aliitua ndoo taratibu, akakunja mikono ya shati, wakamwogesha pamoja.