Gunia Lililokohoa

Nchi ya Tambarika haikulima wala haikufua chuma. Ilikaa tu katikati ya njia, milima huku inakotoka misafara na bahari kule inakokwenda, na watu wake waliishi kwa adabu moja waliyoipenda kuliko mvua: mzigo wa mpita njia haufunguliwi. Mtukufu Kipunde, mtawala wao, aliikuta adabu hiyo ikimsitiri mgeni maskini, akaigeuza kuwa sheria ya walinzi wenye mikuki, kwa sababu misafara ya siku hizi ilibeba unga wa mwezi, ule unaolevya, na kila shehena iliyopita salama ililiongezea jumba lake chumba kimoja. Walinzi nao waligawiwa vijiko vya unga huohuo, wakawa wanalinda lango huku wamesinzia wima, macho wazi. Eti huo ndio usalama! Mimi hata leo sielewi nani alikuwa akimlinda nani.

Asubuhi moja Bi Mashavu alimkosa mwanawe Tindo, mlinzi, kwenye zamu yake. Watu walishaanza kunong'ona kwamba misafara sasa inachukua na vijana walioshindwa kuamka. Alifika langoni mbio, msafara ukipita na Mtukufu ameketi akiupungia mkono, na gunia moja refu likakohoa.

"Mtukufu, nakushika miguu, lifunguliwe hilo! Mwanangu yumo!"

"Mama, gunia halikohoi," alisema Kipunde kwa upole. "Na likikohoa, ni la mgeni. Unataka tuaibike?"

Kabla hajamaliza akatokea mtumishi wa jumbani, anahema, maneno hayatoki sawasawa. "Mtukufu, mwanao Sulubu hayumo chumbani! Kitanda kitupu, na chini ya mto nimekuta kijiko."

Kipunde aliruka. "Fungeni lango! Fungueni gunia!"

Walinzi walitazamana, wakaitazama mikono yao, kisha wakaipishanisha mikuki mbele ya kifua chake.

"Mzigo wa mpita njia haufunguliwi, Mtukufu," walisema taratibu, kama watoto waliokariri vizuri.

Bi Mashavu alisimama kando yake, hajui amhurumie au amtemee mate. Masikini, hata hasira ilimchanganya.

"Mwite wako," alisema mwishowe. "Na mimi nimwite wangu."

"Sulubu!"

Gunia likakohoa.

"Tindo!"

Likakohoa tena, na wabebaji wakaliweka sawa mabegani, wakashika njia ya baharini.